Folda Iliyoitwa Usiguse

Jumamosi saa sita mchana duka la miwani lilikuwa limefurika watu. Watoto walikuwa wakijaribu miwani ya jua mbele ya kioo, mama zao wakiwanyang'anya, na Mjomba, mwenye duka, akizunguka na daftari lake la majina. Mpwa wake, ambaye kila mteja alimwita Fundi, alikuwa nyuma ya kaunta na bisibisi ndogo mkononi. Ndipo akaingia dada mmoja mwenye blauzi ya rangi ya chungwa, nywele kazibana kwa kalamu, simu sikioni, na miwani iliyochomoka mkono imelala kiganjani.

"Dada yangu, sikudanganyi," alikuwa akisema simuni. "Nimerithishwa ghala zima la programu, halina kichwa wala miguu. Kuna folda inaitwa 'mpya'. Ndani yake 'mpya mbili'. Ndani ya hiyo kuna 'mwisho', 'mwisho kabisa', na 'mwisho kweli sasa'. Aliyeandika kajiita Popo. Siku nikimkamata huyo Popo nitamning'iniza kichwa chini, maana ndivyo alivyozoea."

Bisibisi ilimponyoka Fundi ikaanguka sakafuni. Popo alikuwa yeye.

Mwenye akili zake angejitambulisha pale pale, wakacheka, yakaisha. Huyu wetu aliinama kuitafuta bisibisi, akakaa chini ya kaunta muda mrefu kuliko bisibisi ilivyostahili. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Mwaka mmoja na nusu nyuma alikuwa peke yake katika ofisi ile ile anayofanyia kazi dada huyu sasa, akitunza programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kliniki siku zao za miadi. Kila wiki aliombwa kitu kipya, na kwa kuwa aliogopa kufuta cha zamani, alinakili folda na kuipa jina jingine. Siku moja hata yeye alishindwa kujua ipi ndiyo ya kweli. Akamwambia bosi anatoka kidogo kununua maji. Hakurudi tena.

"Skrubu tu," alisema alipoinuka. "Dakika mbili, Macho Manne."

"Nani Macho Manne?"

"Si wewe? Mawili yako, mawili nimeshika mimi."

Dada yule alijitahidi asicheke, akashindwa. Jumatatu alirudi eti skrubu imelegea. Jumatano ikalegea tena. Ijumaa Fundi alimwambia awe anakuja hata skrubu ikiwa imekaza.

Wakawa wanakula pamoja mchana kwenye benchi nje ya duka. Fundi alimmenyea chungwa, naye akamsimulia vituko vya Popo.

"Leo nimekuta folda inaitwa 'sijui'. Mtu mzima, analipwa mshahara, anaandika 'sijui'."

"Labda kweli alikuwa hajui," Fundi alisema.

"Unamtetea? Ni ndugu yako?"

"Aka. Nipe mbegu hizo nikatupe."

Kila siku alijiapiza kwamba kesho atasema, na kila kesho ilimkuta anampenda zaidi, na kusema kukawa kugumu zaidi. Uzito wa jambo lenyewe ni huu: dada yule alikuwa katika miezi yake ya majaribio kazini, na kupanga upya ghala lile ndio mtihani aliopewa. Akishindwa, anaondoka.

Alhamisi moja simu ikalia.

"Fundi, umekula?"

"Bado. Nakusubiri wewe, mpenzi."

"Nakaribia kumaliza, mwenzio. Imebaki folda moja tu, inaitwa 'usiguse'. Ina kifaili kimoja, mistari minne. Nimetafuta inatumika wapi, sioni. Naifuta."

Fundi alisimama. Mistari ile minne ndiyo iliyoiamsha programu kila alfajiri itume ujumbe kwa wagonjwa. Amri ya kuiita ilikuwa imefungwa kwenye mashine yenyewe, mahali ambapo hakuna anayepachungulia isipokuwa aliyeifunga.

"Si uiache kwanza?"

"Kwa nini?"

Jibu alikuwa nalo. Lakini jibu lile lingezaa swali la amejuaje, na swali hilo lingemvua nguo.

"Basi tu. Jina lake linatisha."

Dada akacheka. "Mwaya, wewe shughulika na vioo vyako. Popo nishamzoea, kila kitu chake vitisho."

"Haya, mama," Fundi alisema, akakata simu.

Jumanne simu iliyofuata haikuwa na utani. "Fundi, nimeharibu. Siku tano ujumbe hauendi. Kuna wazee wamekosa miadi yao. Bosi ameniita na sijui nimegusa nini."

Alitoka mbio na aproni yake ya dukani. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, lakini alipofungua mlango wa ofisi, bosi aliinua kichwa akamtangulia.

"Popo?" alisema bosi. "Maji umeyapata?"

Dada yule aligeuka taratibu. Fundi hakuthubutu kumtazama.

"Kosa si lake," alisema. "Ile folda niliiweka mimi bila kueleza chochote. Na aliponiambia anaifuta, nilijua kitakachotokea, nikanyamaza."

Akaketi kwenye kiti chake cha zamani. Ghala kama lile hutunza kumbukumbu ya kila badiliko, kwa hiyo kilichofutwa hakikuwa kimepotea. Dakika tano hazikuisha, folda ikarudi. Hicho ndicho kilichomuumiza: dakika tano, na yeye alikuwa na mwezi mzima.

Kwenye korido dada alimsubiri, mikono kaikunja kifuani.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu siku ya skrubu."

"Kwa hiyo mimi nakutukana, wewe unanimenyea chungwa."

"Yalikuwa matusi ya haki."

"Haki sikukuuliza. Nilikuonyesha ujinga wangu wote. Nimekwama hapa, nimekwama pale. Ukaniangalia napapasa gizani kwenye nyumba uliyojenga mwenyewe." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi, ingawa haikuwa na vumbi. "Nenda kanunue maji, Popo."

Wiki ya kwanza Fundi aliandika ujumbe wa kuomba radhi mara kumi akaufuta mara kumi. Wiki ya pili alisaga lenzi ya jicho la kulia akaiweka la kushoto.

"Mpwa wangu," alisema Mjomba, "mteja ametoka hapa anatembea kama kaa. Ama mfuate huyo mtu, ama nitafute fundi mwingine."

"Nikamwambie nini, Mjomba? Sina uso wa kwenda nao."

"Ulipoondoka kule kazini, ulikabidhi?"

Hakukabidhi. Jioni hiyo alichukua daftari tupu la dukani akaanza kuandika: kila folda, ilizaliwa siku gani, kwa nini, ipi inaitegemea ipi. Aliandika hata yale yaliyomfedhehesha: hapa nilikisia, hapa nilidanganya kwamba nimemaliza. Zikafika kurasa ishirini na mbili. Ombi la msamaha hakuliweka, wala neno la mapenzi. Daftari akaliacha mapokezi ya ofisi ile, akaondoka upesi kabla hajaonekana.

Jumamosi iliyofuata duka lilikuwa limefurika kama kawaida. Blauzi ya rangi ya chungwa ikaingia. Hakuwa na simu sikioni. Aliweka daftari juu ya kaunta, na juu ya daftari akaweka simu yake.

"Wamenithibitisha kazini. Soma."

Fundi akainama. Ghala lote sasa lilikuwa folda nne, zenye majina ambayo hata Mjomba angeyaelewa.

"Sikunakili nikafuta," alisema dada. "Nimehamisha tu, faili moja moja, historia isikatike. Kila mstari uliouandika bado una jina la Popo. Teremsha chini."

Akateremsha. Kulikuwa na maneno yake mwenyewe, ya siku ile ya maji, ambayo alidhani hakuna atakayeyasoma: *Atakayerithi hili, nisamehe.* Na juu yake rekodi mpya, ya jana, kwa jina la dada: *Aliyerithi amesoma. Amesamehe. Siku nyingine uage.*

Macho yakamjaa, mbele za wateja wote. Alijifanya anasafisha lenzi.

"Usilie kwenye miwani ya watu," alisema dada. Akaketi kwenye benchi la wateja. "Nina kiu."

Fundi alivua aproni akaitundika.

"Naenda kununua maji," alisema. "Narudi."

Mjomba alitazama saa ya ukutani. Dada hakutazama chochote, ila miguu yake haikutulia. Dakika nne baadaye mlango ulifunguka, Fundi akaingia na chupa mbili, anahema, kwa maana alikimbia kwenda na kurudi.