Volti Tano za Mdomo

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo vya chai na kufua sare yangu, mimi hushuka hadi karakana ya shangazi yangu, Halima, karibu na soko la Machakos. Shangazi hutengeneza televisheni na redio, na wateja humwita Mama Yasser. Mimi na rafiki yangu Mwelu, ninayesoma naye gredi ya saba, humsaidia kufagia na kupanga waya. Siku njema, yeye hutukabidhi chuma cha moto cha kulehemu waya.

Kitu kimoja tu hunishinda mahali pale: mende. Mtu analeta redio iliyokaa jikoni miaka kumi; ukiifungua, salaala, unatoka ukoo mzima! Wanakimbia mezani wakiwa na mafuta ya kupikia migongoni. Hata sasa nikiandika haya ngozi inanisisimka.

Muhula uliopita tuliamua kutengeneza mashine ya michezo ya video kwa maonyesho ya sayansi. Shangazi alikuwa na bodi kuukuu, yaani kibao chenye saketi za mashine, kutoka jumba la michezo ya video lililofungwa. Michezo yote imo ndani ya bodi hiyo, lakini haina skrini wala umeme wake. Ilitubidi tuipe umeme wa volti tano, kisha tuipeleke picha yake hadi kwenye televisheni. Bodi ilikuwa hiyo moja tu, na maonyesho yalikuwa Jumanne.

Mwelu alichukua kazi ya picha: waya nyekundu, ya kijani, ya bluu, na ya nne inayozuia picha isiyumbe. Zote aliziunganisha kwenye kisanduku kidogo kinachoigeuza picha ili televisheni iielewe. Alikuwa amejizoeza kulehemu mwezi mzima. Mimi nikapewa pawa, yaani sanduku la bati linalopunguza umeme wa ukutani.

"Zamzam, hakikisha imechomolewa, ndipo uifungue," Shangazi akaniambia. "Isafishe kwa brashi na spiriti. Halafu ifunge, uiwashe peke yake, upime. Kuna skrubu ya kurekebisha volti hapo nje. Volti zikizidi tano, bodi inaungua."

Nikafungua skrubu moja ya kifuniko, nikakiinua kidogo. Lo! Harufu ya mkojo wa panya ilinipanda puani hadi machozi yakanitoka. Ndani kulijaa mavi ya panya, manyoya, na mayai ya mende yaliyogandamana. Mende mmoja mnene akatoka taratibu, akanipandia kidole gumba.

Nilipiga yowe, nikaitupa pawa mezani.

"Ai, Zamzam! Kwani umeona simba?" Mwelu akacheka. "Leta nikusafishie."

"Maliza waya zako," nikamjibu kwa ukali. Sikutaka aonekane shujaa mbele ya Shangazi. Nikakaza skrubu, nikapangusa bati la nje mpaka likang'aa, basi.

Karakana ya Shangazi ina sheria moja. Aliyepima hutaja namba kwa sauti, mwenzake huirudia, ndipo mashine huunganishwa na kuwashwa.

"Volti ngapi?" Shangazi akauliza, akimhudumia mteja.

"Tano," nikasema. Mita ya kupimia volti sikuwa nimeigusa.

"Tano," Mwelu akarudia bila hata kuinua macho. Aliniamini.

Shangazi akaja, akaiunganisha pawa na bodi, akawasha. Mstari mweupe ukapita kwenye skrini, kisha pah! Moshi ukatoka, na uvundo kama wa nywele zilizoungua. Shangazi akachomoa waya upesi. Akatazama mahali palipolehemiwa.

"Mwelu, umegusanisha waya."

"Hapana, Mama Yasser. Nilikagua mara mbili."

"Mara mbili na moshi wote huu? Mimi sitaki mchezo na umeme. Jumanne Zamzam ataenda na mtu mwingine."

Mwelu aliweka chuma chini. Akajifuta macho kwa mkono wa sweta, akachukua mfuko wake. Nilimwona akitembea hadi mlangoni, nami nimenyamaza tu! Nikajionea kinyaa kuliko nilivyomwonea yule mende.

"Mwelu, ngoja!" nikasema. "Shangazi, si yeye. Sikuisafisha pawa. Sikupima. Nilisema tano kwa mdomo tu."

Shangazi alisonya. Akaitenga pawa na bodi, akaiwasha, akanipa mita. "Pima sasa."

Volti saba.

"Fungua usafishe," akasema. Mwelu alipotaka kunisaidia, akamkataza. "Mwache."

Nilivaa glavu nikaanza kukwangua. Chini ya waya kulikuwa na kitoto cha panya kilichokauka, kimegandia bati. Nilikimbia nje mara mbili nikitema mate, nikarudi mara mbili. Wakati huo Shangazi alikuwa ameshatoa kapasita moja iliyopasuka, yaani kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, kwenye bodi na kuweka nyingine. Alisema tulikuwa na bahati, dakika moja zaidi na bodi yote ingekwenda.

Nikaifunga pawa, nikaiwasha peke yake, nikageuza skrubu ya kurekebisha polepole, nikapima.

"Tano," nikasema.

"Nionyeshe," Mwelu akasema.

Uso ulinichoma. Nikamgeuzia mita aisome mwenyewe.

"Tano," akarudia.

Shangazi akaiunganisha tena na bodi, akawasha. Picha ikatokea, rangi zote zimetulia. Waya za Mwelu hazikuwa na kosa lolote.

"Nisamehe, mwanangu," Shangazi akamwambia Mwelu. "Nilikulaumu kabla ya kupima. Jumanne ni yako."

Kisha akanigeukia. "Kuona kinyaa si kosa, Zamzam. Hata mimi kuna redio nikizifungua natema mate. Ungesema umeshindwa, ningekuja. Lakini hapa tunawasha umeme kwa neno la mtu. Ukidanganya, anayeungua ni yule aliyekuamini."

Nilimtazama Mwelu, nikamwomba msamaha. Akanirushia kitambaa nifute mikono.

"Jumanne utapima wewe," akasema. "Lakini mita nitaiangalia mimi."