Mkonojitu na Moyo wa Zamda

Mkonojitu uliinua panga la mnara wa umeme wa upepo, lenye urefu wa uwanja wa mpira, ukalisimamisha juu ya jiji la Singida kwa wepesi wa mama anayeinua ufagio. Kichwani mwa mashine hiyo aliketi mtu mmoja tu, mikono yake imevaa glavu-hisia. Alipokunja kidole chake, kidole cha chuma chenye uzito wa lori nacho kilikunjika. Hivyo ndivyo Singida ya karne ile ilivyojijenga, mnara baada ya mnara, mpaka umeme wake ukawasha miji ya nchi za jirani.

Kitini mwa Mkonojitu alikaa pia Mlinzi, akili ya mashine iliyosoma mwili wa mwendeshaji: mapigo ya moyo, pumzi, unyevu wa viganja. Mlinzi alijifunza mwili wa kila mtu kadiri mtu huyo alivyokikalia kiti. Siku mwili ulipokuja tofauti na alivyouzoea, aliufunga mkono wa chuma papo hapo, na hakuna aliyeweza kumbembeleza.

Zamda Mkumbo hakuwa mwendeshaji. Alikuwa fundi wa kuamsha mashine. Kila asubuhi, waendeshaji wakiwa bado wanakunywa chai, yeye alikaa kitini akanyoosha viungo vya chuma kimoja kimoja. Na kila asubuhi, akishafunga mkanda tu, moyo ulianza kudunda kama mtu anayetwanga. Viganja vililowa, koo likabana, vidole vikafa ganzi. Hakukuwa na hatari yoyote mbele yake, ila mwili ndio ulikuwa na tabia zake.

Hakuna kitu alichokitamani kama kiti kile. Mara mbili alifanya mtihani, na mara mbili Mhandisi Kitundu, mkuu wa mitihani, alitazama mstari wa moyo wake ukirukaruka kwenye kioo, akatikisa kichwa.

"Binti yangu, mikono unayo. Lakini moyo huu? Mimi natafuta watu baridi."

"Lakini Mlinzi hajanikataa, Mhandisi."

"Mlinzi amekuzoea. Mimi sijakuzoea."

Baada ya mtihani wa pili Zamda alilia chooni, akanawa uso, akaenda kwa Daktari Hidaya, mganga wa kampuni yao ya minara, mwanamke wa Pemba aliyekuwa anacheka hata akidunga sindano. Daktari alimpima akamkuta mzima kabisa.

"Mwili wako unadhani kuna simba," alimweleza. "Unapeleka damu kwenye misuli ukimbie. Hiyo ganzi ni kwa sababu unahema mbio. Hapana kinachopasuka humo."

"Sasa nifanyeje vitu hivi visije?"

"Vije tu, mwanangu. Unasonga ugali, mgeni kapiga hodi. Utatupa mwiko? Si utamwambia karibu, kaa hapo, nawe unaendelea kusonga?"

Zamda alikuwa ameenda kutafuta dawa, akarudi na mgeni wa kukaribisha. Alinuna njia nzima. Hata hivyo kesho yake, moyo ulipoanza fujo zake, alijisemea, "Karibu," huku akijiona kituko. Akaacha kukaza vidole ili visitetemeke. Hapo akagundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kulisema: glavu zenyewe zilichuja matetemeko madogo madogo, na kilichoutikisa mkono wa chuma siku zote ni kule kukaza. Moyo haukunyamaza asubuhi ile wala zilizofuata, lakini kazi ilikwenda.

Kisha ikaja siku ya upepo mbaya. Msengi, fundi wa kamba, alikuwa ndani ya kizimba cha matengenezo juu kabisa ya mnara wakati dhoruba ilipokata kamba zote isipokuwa moja. Kizimba kikawa kinaning'inia upande, kikijigonga mnarani, watu wote wa chini wakitazama mikono ikiwa vichwani.

Elisante alipanda Mkonojitu mbio. Ndiye aliyekuwa bingwa wa kampuni, mwendeshaji aliyefanya kazi miaka yote kwa mapigo ya mtu aliyelala. Lakini Msengi alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

"Mwili haulingani," Mlinzi alisema. "Mkono umefungwa."

Elisante alitoka amejishika kifua, akaanguka magoti. "Nakufa," alisema. "Moyo unapasuka." Maskini, alikuwa hajawahi kuusikia moyo wake maishani. Mwendeshaji wa pili alijaribu, naye akakataliwa, kwani naye alikuwa amekwisha kukiona kizimba. Kitundu akapiga kelele Mlinzi azimwe, kisha akakumbuka. Mlinzi akizimwa, mkono nao hulala. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuunda hivyo.

Zamda alipiga magoti kando ya Elisante. "Kaka Eli, hufi. Mwili unataka kukimbia, na wewe umekaa. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Nakwenda kumchukua mdogo wako."

"Wewe?" Kitundu alimshika mkono. "Na moyo ule?"

"Ndiyo huu huu, Mhandisi."

Alipofunga mkanda, vyote vilikuja kwa pamoja: moyo, jasho, koo, ganzi. Mlinzi aliusoma mwili wake. Zamda aliona kusoma kule ni kurefu kuliko mitihani yake yote miwili.

"Zamda Mkumbo. Mwili unalingana. Endelea."

Mkono ulipanda. Upepo uliusukuma, naye akaufuata upepo kidogo badala ya kushindana nao. Sauti ya Msengi ikaingia redioni.

"Kaka? Ni wewe?"

"Ni Zamda."

"Mbona sauti inatetemeka?"

"Inatetemeka, ndiyo. Wewe kaa chini, shika ukingo, usitazame huku."

Hakuvihisi vidole vyake hata kidogo, basi akafanya kazi kwa macho. Alikipitisha kiganja cha chuma chini ya kizimba, taratibu, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Kidole cha kwanza kilipokunjika, kamba ya mwisho ilikatika. Kizimba kikashuka, kikatua kiganjani kwa kishindo, Zamda akapiga yowe, na kiganja hakikutikisika.

Vigelegele vilianza hata kabla Msengi hajagusa ardhi. Elisante alimkumbatia mdogo wake, akamvuta na Zamda humo humo, wote watatu wanalia na kucheka. Furaha ya Zamda haikuwa na pa kukaa.

Kitundu alisimama pembeni. Aliwatazama waendeshaji wake baridi, akakumbuka nyuso za wengine, wote wale aliowarudisha nyumbani kwa sababu mstari wao uliruka.

"Nimewafukuza wangapi, Zamda?"

"Wengi wapo hapa hapa mjini. Tuwaite."

Wakaitwa, wakaja. Nao wale baridi wakapewa mwalimu mpya, mwendeshaji Zamda Mkumbo, ambaye hakuwa na huruma. Aliwapandisha ngazi za mnara mbio mpaka mioyo iwatoke, kisha akawakalisha kitini bila kupumzika, ili Mlinzi awazoee wakiwa hivyo. Wa kwanza kujitolea alikuwa Mhandisi Kitundu. Alifika juu shati limelowa, mkono kifuani, macho yamemtoka.

"Ngoja," alihema. "Ngoja kwanza moyo utulie."

"Hapana, Mhandisi," Zamda alisema. "Vaa glavu."