Pete ya Bronzi kutoka Likasi

Kila asubuhi kabla ya shule, Reine alichekecha mchanga wa kalibu, umbo la kumwagia metali, uani kwao Likasi, akaunyunyizia maji, akaukanda hadi ukifinywa ubaki na alama za vidole. Baba yake, Papa Symphorien, alikuwa ameyeyusha na kumwaga chuma na shaba kiwandani miaka ishirini na sita. Kiwanda kiliposimama, wakubwa walipanda ndege. Yeye alibaki na mikono yake, akajenga tanuri nyuma ya nyumba.

Mwaka huo wa 1994 vipuri vya Ulaya vilikuwa havifiki tena. Mama Henriette, mnunuzi wa vipuri wa kituo kimoja cha umeme kwenye mto Lufira, alizunguka mitaani kutafuta mafundi wa hapahapa. Ofisini walimcheka: eti mashine ya wazungu inataka chuma cha wazungu. Naye akawauliza: kwani nani alikuwa akiungua mbele ya tanuri miaka yote ile?

Alimwagiza Papa Symphorien pete nene ya bronzi, shaba iliyochanganywa na bati, ya kushika mhimili wa pampu. Ikifaa, jina lake lingeingia kwenye orodha ya wauzaji wa kituo. Isipofaa, hakuna fundi wa Likasi ambaye angeitwa tena.

Siku ya kumwaga, Reine alikuwa akikimbilia kwaya. Badala ya kunyunyiza maji, alimimina ndoo nzima mchangani. Baba alimwamini, hakuushika mchanga. Bronzi ya moto ikakutana na maji, mvuke ukajitafutia njia. Kesho yake, baba akiwa ameenda kutafuta makaa, Rolly, kaka wa Reine, aliivunja kalibu kuitoa pete. Ndani ya pete kulikuwa na matundu matatu.

"Tuzibe na nta na masizi," Rolly alisema. "Papa macho yake yamechoka na moto."

"Na pampu je?"

"Pampu iko kule mtoni. Weye uko hapa."

Waliyaziba kabla baba hajarudi. Mama Henriette alipofika jioni, aliigeuza pete mikononi. "Papa Symphorien, iko muzuri. Kesho naipeleka."

Baba akanyoosha mabega. Tangu kiwanda kifungwe, Reine hakuwa amemwona akisimama hivyo. Akaishika pete.

"Mama, usiichukue. Minye nilitia maji mingi. Iko na matundu, tumeyaziba."

Baba alichukua msumari, akakwangua. Nta ikatoka. Rolly akatazama miguu yake.

"Fundi ni minye," baba alisema taratibu. "Mchanga sikuushika. Unipe siku tatu, Mama."

"Mbili. Na nitakuja kuangalia mukimwaga."

Walimwaga upya. Rolly alivuta mivukuto ya kupuliza moto hadi viganja vikatoka malengelenge. Reine alipima maji kwa kikombe, na baba akaufinya mchanga mwenyewe. Pete ya pili ilipogongwa kwa nyundo, ililia kama kengele. Juma hilohilo pampu ikazunguka, na Symphorien wa Likasi akaandikwa kwenye orodha, wa kwanza.

Mama Henriette alileta habari hiyo mwenyewe.

"Reine, kipuri cha Ulaya kikiharibika, wanasema bahati mbaya. Chetu kikiharibika, wanasema ndivyo tulivyo. Kwa hiyo kosa letu tuliseme wenyewe, tulirekebishe, kisha tudai nafasi yetu kichwa juu."

"Kazi yako hiyo, Mama, wanaisomea wapi?"

"Hesabu unajua?"

"Najua."

"Na kwamba unasema kweli, nimeshaona. Maliza shule, binti yangu. Orodha ina mistari mingi mitupu, na mafundi tunao; anatakiwa mtu wa kuwaandika."