Mkimbiaji Aliyeitwa Clever

Haya yalimkuta rafiki yangu Rabson, mwenye banda la gemu hapa Tunduma. Tangu siku hiyo hajalifungua, na mtu asiniambie alikuwa amelewa.

Kaka yake Clever alifariki. Kwetu jina la marehemu halichezewi mpaka ukoo ukae na kumpata mrithi wake. Rabson hakungoja. Kwenye gemu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, aliunda mkimbiaji akamwita Clever. Msimu baada ya msimu mkimbiaji yule aliwapita mabeki, akawa nyota, na vijana wakashinda bandani wakilishangilia jina lake.

Siku ukoo ulipokutana kijijini Ndalambo kumkalisha mrithi, Rabson alipitia bandani kuchukua kebo ya spika. Umeme ukakatika. Mle hamna dirisha. Giza likawa totoro. Akasikia miguu ikikimbia juu ya nyasi, na mtu akihema.

Simu ikaita. Ni shangazi Fides.

"Umechelewa, baba. Mdogo wako Hezron ameshakalishwa mkekani, ndiye anayerithi jina. Sikiliza wanavyomwita."

Wazee wakaita, "Clever!" Hezron alitakiwa kuitika; anayeitika ndiye hulichukua jina, na hapo hupigwa vigelegele. Kimya. Wakaita tena. Kimya.

"Mbona haitiki?" shangazi akanong'ona.

Wakaita kwa nguvu zaidi. Pale gizani miguu ikasimama nyuma ya Rabson. Pumzi ya joto ikamgusa shingoni, na sauti ya kaka yake ikasema, "Naam."

Kwenye simu, vigelegele vikalipuka.