Fideli Hakutajwa kwa Wageni

Kila asubuhi, msimu wa kuchuma tumbaku ukifika, Irakoze alisugua mikono yake kwa limau na majivu kabla ya kuvaa sare ya shule. Utomvu wa tumbaku ni mkaidi. Hushika viganjani ukawa mweusi kama lami, na mtu akila ugali kabla ya kuuondoa, tonge lote huwa chungu. Akimaliza mikono yake alimkamata mdogo wake, Fideli, akamsugua na yeye huku mtoto akijinyonganyonga na kulalamika kwamba limau linamchoma kwenye michubuko.

Lakini wiki nyingi Irakoze hakumsugua, kwa sababu Fideli hakuwa anakwenda shule. Baba yao, Mzee Reveriani, alikuwa amekwenda Goweko kulima mashamba ya watu, na pale kijijini kwao, wilayani Urambo, mama yao alibaki na shamba zima mgongoni. Jani la tumbaku likiiva halimngoji mtu. Kwa hiyo Irakoze, aliyekuwa darasa la saba na mtihani unakaribia, alichuma alfajiri kisha akaenda shule. Fideli, aliyekuwa darasa la nne tu, alibaki shambani.

"Wiki ijayo utakwenda," mama yao alimwambia kila Jumatatu.

Mama yao, Rustika, hakuwa mtu mkatili. Alikuwa katibu wa Kikundi cha Tuinuane, kikundi cha akina mama waliokuwa wakikutana kwenye jengo la kigango kila baada ya misa. Walitaka kuachana na tumbaku. Walitaka kufuga nyuki na kulima alizeti, lakini mizinga ya kisasa hainunuliwi kwa nia njema. Walikuwa wameomba ruzuku huku na kule, na kila mara jibu lilikuwa kuwashukuru na kuwatakia heri.

Ndipo siku moja mwenyekiti wao, Mama Veneranda, alipotoka Tabora mjini na tangazo. Shirika moja lenye ofisi Kanyenye lilikuwa linatoa ruzuku kwa vikundi vya vijiji vya tumbaku vilivyotaka kuanzisha kazi nyingine. Akina mama walipiga vigelegele mpaka waliposikia sharti lake: shirika halikubali watoto watumikishwe mashambani.

Vigelegele vilikatika. Wakatazamana. Hapakuwa na hata mmoja ambaye mtoto wake hakuwa ameshika jani la tumbaku wiki ile.

"Tutaandika kwamba hapa hakuna," alisema Mama Veneranda.

"Na wakija kuona?" Rustika aliuliza.

"Wakija wataona tunachowaonyesha. Mwenzangu, huu si uongo, ni kujistiri. Tukipata mizinga, watoto watatoka shambani wenyewe. Tutakuwa tumewadanganya kwa jambo jema."

Andiko likapelekwa mjini.

Habari zilipokuja kwamba wageni wako njiani, Mama Veneranda alipita nyumba kwa nyumba. Kwa Rustika alikaa kwenye kigoda, akamwita Irakoze.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Wewe una ulimi mzuri. Mwalimu wako anakusifu. Wageni wakitaka kusikia neno la watoto, utasimama wewe. Utasema watoto wa hapa wanasoma, wanacheza, na tumbaku ni kazi ya wakubwa. Umesikia?"

Irakoze alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa akichambua maharage ambayo yalikwisha kuwa safi.

"Na Fideli?" Irakoze aliuliza.

"Fideli hana kifua cha kuweka siri," alisema Mama Veneranda. "Na ile mikono yake itatusemea yote. Siku hiyo akae kule shambani ng'ambo ya kijito mpaka wageni waondoke."

Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia siku ya wageni, na asubuhi majani ya tumbaku yalikuwa yakidondosha maji. Fideli aliondoka amevaa shati lake moja, bila kula, kwa sababu moto ulikuwa na shughuli ya kupika kuku wa wageni. Alipofika kwenye kona ya njia aligeuka akapunga mkono, akidhani anatumwa kama siku nyingine zote. Irakoze hakupunga. Alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Wageni walikuwa wawili: Bwana Kornel, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, na dereva wake, Deus. Walikaribishwa kwa ngoma na shada la maua, wakaketi mbele kwenye jengo la kigango. Mama Veneranda alizungumza vizuri, na Rustika akaeleza habari za nyuki na alizeti. Kisha Bwana Kornel akasema angependa kumsikia mtoto.

Irakoze alisimama. Alisema yote aliyofundishwa, na maneno yalitoka laini kama mafuta. Akina mama wakapumua.

"Ahsante, binti," alisema Bwana Kornel. "Na nyumbani kwenu mko watoto wangapi?"

Swali hilo hakuna aliyemfundisha jibu lake. Akimtaja Fideli, mgeni angeuliza yuko wapi.

"Niko peke yangu," alisema.

Watu wakampigia makofi. Mama yake hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama sakafu kana kwamba amedondosha sindano. Irakoze alirudi kukaa, lakini makofi yale yalimwingia kama mawe. Alikuwa amemfuta ndugu yake duniani kwa maneno matatu, tena mbele ya msalaba.

Chakula kilipoanza kugawiwa, alichota wali na kipande cha kuku, akafunika sahani kwa kitambaa, akatoka kupitia mlango wa nyuma. Alivuka kijito, akaita, "Fideli! We Fideli!"

Shamba lilikuwa kimya. Alimkuta kati ya mistari ya tumbaku, amelala ubavu juu ya fungu la majani aliyochuma. Shati lilikuwa limemgandama mwilini kwa maji na utomvu. Alikuwa ametapika, na bado alikuwa akitokwa na jasho baridi.

"Dada, dunia inazunguka," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeita mama. Hajasikia."

Irakoze aliitupa sahani chini. Alimvua lile shati, akamfunika kwa sweta lake, akambeba mgongoni. Fideli alikuwa mwepesi, lakini kichwa chake kilimlalia begani kama mzigo usio wa mtu hai, na kila baada ya hatua chache alikuwa akitapika maji matupu. Alipovuka kijito, njia iligawanyika. Moja ilipita nyuma ya nyumba hadi kwao, ambako hakuna mgeni ambaye angewaona. Nyingine ilipanda moja kwa moja hadi uwanja wa kigango, ambako gari la wageni lilikuwa limeegeshwa. Zahanati ilikuwa mbali, na kijijini hapakuwa na pikipiki iliyokuwa na mafuta siku ile.

Alisimama. Alimwona Mama Veneranda akilini, akaona mizinga, akaona akina mama wote waliochangia kuku na mchele. Kisha Fideli akaacha kumshika shingo. Mikono yake ikaning'inia. Irakoze akashika njia ya kigango, akaanza kukimbia.

Aliingia uwanjani wageni wakinawa mikono. Mama Veneranda ndiye aliyemfikia kwanza, akasimama mbele yake na kuitandaza kanga kama pazia.

"Pita nyuma, mtoto wewe! Pita nyuma!" alinong'ona.

Irakoze alimzunguka. Alikwenda hadi kwa Bwana Kornel.

"Baba, huyu ni mdogo wangu. Nilisema niko peke yangu, nimedanganya. Anaitwa Fideli. Anachuma tumbaku kila siku, na mimi nachuma. Leo tumemficha ili msimwone. Naomba gari lenu, atakufa."

Hapo Rustika alitoa ukelele. Maneno ya Kiswahili yalimkimbia. Alimlilia mwanawe kwa Kirundi, lugha ya kwao, akimpokea kutoka mgongoni mwa dada yake na kumpigapiga mashavu. Bwana Kornel alimwita Deus, akafungua mlango wa gari, na mama na watoto wake wakaingia. Gari lilipoondoka, Irakoze alitazama nyuma. Akina mama walikuwa wamesimama kama miti iliyoungua, na mbele yao sufuria za karamu bado zilikuwa zikifuka mvuke.

Hospitalini Fideli alilazwa, akatundikiwa maji. Mganga aliwaeleza kwamba jani bichi la tumbaku lina sumu, na likilowa, sumu hiyo hupenya kwenye ngozi. Mtu mzima huumwa kichwa na kutapika. Mtoto mdogo mwenye njaa huweza kupoteza maisha.

"Ameshawahi kutapika hivi?" aliuliza.

"Mara nyingi," alijibu Rustika. "Tulidhani ni malaria. Tulimpa dawa, tukamrudisha shambani." Akajifunika uso kwa kanga.

Fideli alipata nafuu. Lakini walipomrudisha nyumbani, walikuta kijiji kimewanunia. Barua ya shirika ilikuwa imefika: kikundi kilichotoa maelezo ya uongo hakiwezi kupewa ruzuku katika awamu ile. Kisimani wanawake walinyamaza Irakoze alipofika. Mmoja alisema bila kumtazama, "Kuna watu midomo yao imekula mizinga yetu." Irakoze alijitwisha ndoo nusu, akaenda zake, machozi na maji yakimtiririka pamoja. Alimwambia mama yake kwamba hataki tena kwenda kigangoni.

"Utakwenda," alisema Rustika. "Tena nitakushika mkono."

Bwana Kornel alirudi kijijini kuwaeleza uamuzi ule ana kwa ana. Mkutano ulijaa. Mama Veneranda alisimama wa kwanza. Alikuwa amekonda usoni.

"Bwana Kornel, tumekosa. Lakini tungefanyaje? Mlisema hamtaki watoto mashambani. Tungeandika kwamba wamo, si mngetufukuza siku ile ile?"

Bwana Kornel alitikisa kichwa.

"Mama yangu, ruzuku hii ni kwa ajili ya watoto walioko mashambani. Sharti letu ni kwamba mkishapata msaada, muwatoe. Kwenye fomu tuliuliza ni watoto wangapi wanafanya kazi na mtawasaidiaje, ili tujue pa kuanzia. Ninyi mkajibu hakuna hata mmoja. Kijiji kisicho na mgonjwa, dawa kinaitakia nini?"

Mama Veneranda aliketi taratibu, kama mtu aliyepigwa. Walikuwa wameficha jambo lile lile ambalo lingewapatia msaada, na nusura limuue mtoto.

"Awamu nyingine itafunguliwa msimu ujao," Bwana Kornel aliendelea. "Siahidi kitu. Lakini mkiandika ukweli, nitausoma."

Alipoondoka, hakuna aliyeinuka. Rustika alifungua daftari jipya, akaliweka mapajani. "Mimi nina wawili," alisema. "Irakoze na Fideli. Wote wanachuma." Akayaandika majina yote mawili. Kisha yule mwanamke wa kisimani akasema, "Niandikie watatu." Mwingine akasema mmoja, naye ana kifafa, na hulala kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, kuchochea moto. Mwingine akalia kabla hajataja. Mpaka jua lilipopinda, hapakuwa na mama aliyebaki bila kusema.

Hawakungoja ruzuku. Walikubaliana kuchuma kwa ujima, shamba la huyu leo, la yule kesho, na baada ya umande kukauka, ili watoto wawe shuleni. Ilikuwa kazi ngumu, na tumbaku nyingine iliwaozea. Wawili walijitoa kwenye kikundi kwa hasira. Msimu uliofuata waliomba upya, na safari hii wakakubaliwa, ingawa walipata pungufu ya walichoomba.

Siku mizinga ilipopelekwa porini kutundikwa, watoto walifuata nyuma wakiimba. Mama Veneranda aliwasimamisha pembeni mwa njia, akamwita Irakoze mbele yao wote.

"Watoto wangu," alisema, "mimi mtu mzima niliwafundisha uongo, na huyu mtoto akanifundisha kweli. Nilimnunia kwa siku nyingi, na leo namwomba radhi mbele yenu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mkiwa na shida isemeni, hata kama inawatia aibu, hata kama mkubwa amewaambia mnyamaze. Aibu ya kusema ukweli hupita. Lakini mama aliyemzika mwanawe kwa ajili ya siri, atamwambia nani?"

Mama Veneranda akajitwisha mzinga wake, akatangulia, na watoto wakamfuata kuelekea porini.