Kisogo cha Fundi wa Lifti

Lifti ya hospitali kuu iligoma tangu asubuhi, na foleni ya wagonjwa na wauguzi ikafika mlangoni. Mtafiti aliingia akihema, gauni la bluu, viatu vyekundu, boksi zito kifuani. Orofa ya sita walikuwa wakimsubiri.

"Fundi, unaitengeneza au unaiombea?" alimwuliza mwanamume aliyechuchumaa na ovaroli iliyojaa grisi.

"Vyote viwili, dada. Umebeba nini?"

"Sumaku ya umeme. Tunaiweka kisogoni mwa mtu, bila kisu wala sindano, tuone kama ubongo mdogo wa huko nyuma unamsaidia kujizuia."

"Kujizuia na nini?"

"Kwa kuanzia, na maswali."

Fundi alicheka. Lifti ilipopona akalibeba boksi hadi juu, na huko huko akajiandikisha kujitolea. Usidhani alifanya hivyo kwa mapenzi ya sayansi.

Kila Jumanne alikuja amenyoa, shati limepigwa pasi. Koili, ule mviringo wa waya wa sumaku, ililia tik-tik kisogoni, kisha herufi zikapita kwenye skrini: bonyeza kwa kila herufi, ila ikija X, zuia kidole. Washiriki wengine walipewa koili halisi, wengine ya bandia inayolia vilevile. Nani kapata ipi, alijua profesa peke yake, na orodha aliifungia kabatini.

"Leo umekosea mara tisa," mtafiti alimwambia.

"Nilikuwa naangalia kwingine."

"Skrini iko mbele yako, Fundi."

"Ndiyo maana nimekosea."

Mtafiti alicheka, akajifanya anaandika. Moyoni alikuwa akihesabu siku za kufika Jumanne.

Wiki ya nne, saa moja tu baada ya kutoka kwenye kiti, fundi alipiga simu.

"Daktari, nakupenda. Nilipanga kusubiri mpaka utafiti uishe, nimeshindwa."

Mtafiti aliketi. Maneno hayo aliyataka kuliko kitu chochote, na sasa yalimtia hofu. Huyu anasema ameshindwa kujizuia, na kisogo chake kimetoka kuguswa. Kama ni sumaku iliyosema, jioni yatakuwa yamekwisha.

"Hayo huenda ni maneno ya sumaku," alisema.

"Sumaku imekujulia wapi?"

"Sitanii. Mshiriki na mtafiti haturuhusiwi kupendana. Nitamwambia profesa, mwenzangu ndiye atakayekupima. Usinipigie mpaka tumalize."

"Kumbe kwako mimi ni kisogo tu," fundi alisema, akakata simu.

Hakupiga tena. Mtafiti alilala na simu mkononi, akaamka nayo. Lifti nazo, kwa ukaidi, zilifanya kazi kama mpya, hata sababu ya kumwita fundi ikakosekana.

"Mpigie," dada yake mkubwa alimwambia, akikunja nguo. "Umekonda kwa mtu uliyemfukuza mwenyewe."

"Na kama hakumaanisha?"

"Basi utajua. Sasa hivi hujui na umekonda."

Alivumilia hadi utafiti ulipokwisha, mwezi wake wa tatu, profesa alipofungua orodha. Alipitisha kidole hadi namba kumi na saba, ya fundi. Koili ya bandia. Fundi hakuguswa na sumaku hata siku moja. Alisoma mara tatu, akacheka peke yake, kisha akaomba ruhusa ya kutoka.

Kampuni ya lifti ilimwelekeza kwenye jengo la maduka. Lifti ilikuwa imezimwa kwa matengenezo, akapanda orofa nane kwa miguu, viatu mkononi, hadi chumba cha mitambo. Fundi alikuwa akipaka grisi kwenye nyaya.

"Koili yako ilikuwa bandia," alisema, pumzi zimekwisha. "Yale maneno yalikuwa yako."

"Najua."

"Unajua?"

"Kazi yangu ni mota na sumaku, mpenzi. Kitu chenye nguvu nakijua. Kile kilikuwa kinapiga kelele tu."

"Miezi miwili sili, na ulijua? Si ungesema siku ile kwenye simu?"

"Ningesema, ungenifuta kwenye orodha, na kazi yako ingeingia dosari. Nilikasirika, sikatai. Lakini sikutaka kukuharibia. Nikanyamaza."

Mtafiti alimtazama mtu aliyempima wiki nne akihesabu makosa ya kidole chake. Machozi yalimtoka, naye akayaacha.

"Sasa kwa kuwa ulijua, itabidi nikufute kweli," alisema.

"Nifute. Kisha tukaandikishane kwa msajili wa ndoa, kama uta—"

"Ndiyo," alisema kabla hajamaliza. Akaona aibu, kisha akarudia kwa sauti zaidi, kwa kuwa fundi alikuwa amewasha mitambo nayo imeanza kunguruma.