Taa Isiyo na Swichi

Nisamehe nikipiga miayo katikati ya maneno. Si dharau. Utaelewa mbele.

Nilikuwa nimeshafunga boksi la spana jioni ile Shukri aliponijia. Jua limeshuka hadi chini ya paa la makuti la kibanda changu, limenipiga usoni, mgongo unaniuma, na nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: kufika nyumbani nikajinyoshe kabla ya Maghrib.

"Mjomba, ndoo uone," akasema, akinipungia mkono nije. Hata salamu hakuitoa vizuri.

Shukri ni mtoto wa dada yangu Hadia, mtoto wake wa pekee, na huendesha pikipiki ya abiria hapa Faza. Mkononi alikuwa na mfuko alioletewa kwa boti kutoka mjini Amu. Ndani yake mlikuwa na tepe mbili za taa za ledi, zile bapa zenye gundi nyuma. Alitaka nizibandike kwenye plastiki za mbele za pikipiki yake, moja huku, moja huku, chini ya taa kubwa.

"Za nini? Taa si unayo?"

"Ile yamulika mbele tu. Juma lililopita nimeponea chupuchupu kumgonga punda. Nataka nionekane kote." Akacheka. "Tena yeo hii, Mjomba. Nina abiria wa Siyu ananingoja."

"Njoo kesho."

"Nusu saa tu, tafadhali."

Kila mtu kisiwani hapa ana nusu saa yake ya kunitaka. Nikafungua boksi.

Nikapangusa plastiki kwa kitambaa chenye spiriti, maana gundi haishiki penye chumvi, na hapa kwetu chumvi iko mpaka kwenye godoro. Nikabandika utepe wa kwanza, nikaukandamiza kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikatoboa tundu la waya. Wa pili vivyo hivyo. Nikapitisha waya chini ya tangi hadi kwenye betri, nikatia fyuzi. Halafu nikatafuta swichi kwenye kopo langu.

Ilikuwamo moja tu, imeliwa na kutu. Niliibonyeza ikazama, haikurudi.

Sasa nisikilize hapa. Kati ya Faza na Siyu, ndia inapita mahali tunapopaita Malaloni. Hapana ajabu yoyote ya kuona. Kipande cha ukuta wa mawe, kisima kilichofukiwa, vilima vidogo vidogo vya mchanga visivyo na majina, na mbele kidogo mti wa mkoma wenye vichwa viwili. Kuanzia ukutani hadi kwenye mkoma, hapawashwi taa. Zamani watu walikuwa wakipuliza kandili zao. Siku hizi mwenye pikipiki huzima taa, hupunguza mwendo, hutoa salamu kwa sauti ya chini, akapita. Hakuna anayekufundisha. Unamwona mamako akifanya, nawe unafanya. Hata askari wa kutoka bara wakikaa mwezi mmoja huzima, ingawa hucheka. Ukiuliza nani amelala pale utaambiwa, "Wenyewe," na mazungumzo yatahamia kwenye samaki.

Na hizi pikipiki mpya zinakuja taa zake hazizimiki. Ukitia moto injini, taa imewaka, basi. Kwa hiyo kila pikipiki inayoteremshwa gatini hupitia kwangu kwanza, nami huitia swichi. Miaka kumi na minne. Wakinihitaji hawasemi "muite Abubakr", husema "muite fundi wa swichi".

Na mimi huyu, siku ile, nikaunga waya moja kwa moja kwenye betri.

"Kesho nitakutilia swichi," nilimwambia.

Sikuikumbuka Malaloni. Wallahi sikuikumbuka. Nilikuwa nimechoka. Taa zilipowaka, nyeupe pe, Shukri alipiga mluzi wa furaha, akanibusu mkono, akaenda zake. Mimi nikaenda nyumbani kujinyosha.

Nilimwona tena nikitoka msikitini baada ya Isha. Alikuwa akiisukuma pikipiki. Injini imezimwa. Ufunguo uko mkononi mwake. Kifua wazi, shati amelifunga juu ya zile taa, na mwanga unapenya kitambaani.

"Mjomba... hazizimi."

"Umepita wapi?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Malaloni, narudi, abiria nimeshamshusha Siyu. Nilizima taa kubwa. Nikatoa ufunguo. Hizi zikakataa. Nikavua shati nizifunike, lakini..." Akanong'ona. "Wamelala pale, Mjomba. Safu safu. Juu ya vitanda vya kamba. Hawakuwapo, taa ikawapiga, wakawapo. Wakaziba mato yao kwa mikono. Hivi." Akajiziba macho kwa viganja. "Mmoja hakuziba. Alinitazama. Akaniuliza, 'Utazima lini?'"

Nikachukua koleo mle mle mfukoni nikakata waya. Giza. Nikamshika bega, baridi tupu. Nikamwambia nenda kwa mamako, soma Ayatul Kursiyy, ulale.

Hakulala.

Usiku ule, wala wa pili, wala wa tatu. Akifumba macho anaona mwanga mweupe. Hadia akamfunga kitambaa cheusi, akamtia chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mweupe. Maalim akaja akamsomea siku mbili mfululizo. Nerea, nesi wa zahanati yetu, mtu wa bara lakini ana moyo kuliko wengi wetu, akamdunga sindano ambayo alisema ingemlaza punda. Shukri alikaa kitandani akitazama ukuta, mate yanamtoka, macho yamekuwa mekundu mpaka unaogopa kuyaangalia.

Siku ya sita nilikuwa peke yangu kibandani. Tepe zile nilikwisha kuzibandua tangu kesho yake, nikazitupa kwenye boksi tupu la betri. Adhana ya Maghrib ilipokwisha nilisikia harufu. Chokaa mbichi, ile ya nyumba inayopakwa upya. Nikageuka kutafuta inatoka wapi.

Boksi lilikuwa linavuja mwanga.

Nikafunua kifuniko. Tepe mbili, waya zimekatwa, hazikushikana na kitu chochote... zawaka. Nilizigusa. Baridi. Na chini ya meza yangu, pale pale karibu na miguu, nikasikia kitanda cha kamba kikilia.

Krrii... krrii...

Mtu anageuka upande huu. Anageuka upande ule. Usingizi haumjii.

Nilifunika boksi nikatoka mbio, mtu mzima na mgongo wangu huu.

Siku ya tisa Nerea alinifuata kwangu mwenyewe. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Fundi, macho yake nimeyapima mara tatu. Hayana shida. Labda zile taa zilimchoma kidogo, kisha akashikwa na hofu, sijui. Lakini mwili hauwezi kuendelea hivi. Moyo wake unaruka mapigo. Asubuhi nampeleka Amu kwa boti, na siwezi kukuahidi kama atafika."

Hadia alikuwa nyuma yake, nikadhani atanipigia kelele. Laiti angepiga. Alinitazama tu, ndugu yangu tuliyenyonya ziwa moja, akasema polepole:

"Kaka, wewe ndiwe uliyeiwasha."

Basi. Akageuka, akarudi kwa mwanawe.

Swichi mpya sikuwa nayo, nikaing'oa ya pikipiki yangu mwenyewe. Nikatwaa koleo, tepu nyeusi, na boksi lile. Nikaenda kwa miguu, alasiri inakwisha, mchanga unanivuta visigino. Njiani nilikuwa najicheka. Swichi kazi yake ni kukata umeme, na mle boksini hamkuwa na umeme wa kukatwa. Fundi mzima, nililijua hilo. Lakini mimi si maalim wala si nesi. Ninachokijua duniani ni kutia swichi.

Nilifika ukutani jua linazama. Nikatoa salamu kwa sauti ya chini. Nikakaa juu ya jiwe na boksi mapajani. Kutoka mbali, Faza, nikaisikia adhana.

Harufu ikaja kwanza. Chokaa.

Kisha boksi likawaka mikononi mwangu.

Sikuinua macho. Nakwambia kweli, sikuthubutu. Nikatoa tepe, nikamenya ncha za waya kwa meno, kama nilivyofanya mara elfu. Pembeni mwa macho yangu naona miguu ya vitanda... miguu ya vitanda... hadi mwisho wa mwanga. Nikafunga waya wa kwanza kwenye swichi. Nikafunga wa pili. Nikazungushia tepu, raundi tatu, nne.

Krrii...

Mmoja akaketi. Nyayo zake zikagusa mchanga mbele yangu. Nyeupe kwa chokaa, mpaka kwenye vifundo.

"Ndiwe fundi?"

"Ndimi," nikasema.

"Tumechoka."

Ewe Mola wangu, sauti ile. Ningemudu kama ingekuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshinda kazini kutwa, akafika kwake, akakuta hapalaliki. Niliijua. Ndiyo sauti yangu mimi kila siku. Nikashikwa na huruma, pale pale kwenye hofu, machozi yakanitoka.

"Mwacheni kijana alale," nikanong'ona. "Kosa si lake. Waya niliunga mimi."

"Zima, basi."

Nikabonyeza.

Tak.

Ikazimika. Giza likaingia, na gizani nikasikia vitanda vyote vikilia kwa pamoja, kisha pumzi, ndefu, ya watu wengi mno, wakilala. Nikadhani yamekwisha. Nikashukuru. Nikainuka.

Ndipo ikaja sikioni, karibu hivi, pamoja na ile harufu:

"Nawe utukeshee."

Sijui niliruka ule ukuta au nilipita kandokando yake. Ninachokumbuka ni mlango wa Hadia, na Hadia mwenyewe amesimama kizingitini, kidole mdomoni, machozi yanamdondoka kidevuni. Nyuma yake Shukri alikuwa amelala sakafuni, palepale alipoangukia, hata mkeka hakuufikia. Anakoroma. Sijawahi kusikia kitu kitamu masikioni kama kule kukoroma. Nilikaa chini ukumbini nikalia nikicheka.

Alilala siku mbili. Alipoamka aliomba wali. Nerea akaupima moyo wake, akasema uko sawa, na kwamba pengine ile sindano ilichelewa tu kushika, mambo hayo hutokea. Pengine. Nilimwitikia, "Naam, Sista," nikaondoka. Shukri mwenyewe hakumbuki kitu baada ya kuvua shati. Juzi aliniuliza kwa nini nilizibandua taa zake, na zilikuwa zimempendeza vile.

Usiku ule wa kurudi, mimi nami nilijilaza. Nilikuwa nimechoka uchovu wa miaka kumi na minne. Nikasema bismillahi. Nikafumba macho.

Mweupe.

Swichi ile ninayo mfukoni, itazame. Kidole gumba kimeota sugu. Naibonyeza nikiwa mezani, nikiwa msikitini, nikiwa kitandani kando ya mke wangu anayelala usingizi wake wa haki. Tak. Haizimi. Mwezi wa pili huu. Nerea hunitazama kwa pembe ya jicho, anashangaa nasimamaje, maana Shukri kwa siku tisa alikuwa anakwenda kaburini. Mimi siendi. Shukri alikuwa anaadhibiwa. Mimi nimeajiriwa.

Na kazi yenyewe naijua sasa. Taa yoyote ikiukaribia ule ukuta haijazimwa, ule mweupe wa ndani ya macho yangu unatetemeka, na chini ya kitanda changu naanza kusikia kamba zikilia. Hapo huinuka. Huvaa kandambili, huchukua koleo, huifuata ndia ya Siyu nikipiga kelele, "Zima! Zima!" Vijana wananicheka. Wanasema mzee wa swichi kapungua akili. Wacheke tu, mradi wazime.

Jana zimeteremshwa pikipiki nne gatini, zote mpya, zote zina taa nyeupe pembeni zinazowaka zenyewe giza likiingia. Wenye nazo wamesema hawataki kuharibiwa waya. Wametoka kuelekea Siyu alasiri hii, na watarudi Maghrib. Ndiyo maana unaniona nimekaa huku nimevaa kandambili.

Kwa hiyo wewe, kama una pikipiki na taa yako haizimiki, usiniambie kesho. Ilete. Ilete alasiri, ilete alfajiri, gonga mlango saa yoyote unayotaka.

Utanikuta macho.